Minnesota Frost: Mabingwa wa ligi iliyozaliwa wanawake walipokataa kucheza bure

IWAPO kuna timu moja inayoweza kutumiwa kueleza jinsi hoki ya barafuni ya wanawake ilivyogeuka kuwa ajira Amerika Kaskazini, basi timu hiyo ni Minnesota Frost.

Klabu hiyo yenye makao yake jijini Saint Paul, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ilikuwa miongoni mwa timu sita zilizoanzisha Ligi ya Kulipwa ya Hoki ya Wanawake, maarufu kama PWHL, mnamo Januari 2024. Ilitwaa Kombe la Walter katika misimu yote miwili ya mwanzo, 2024 na 2025. Mara zote mbili ilijikatia tiketi ya mchujo siku ya mwisho ya ratiba, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuiondoa hesabuni.

Hata hivyo, historia ya timu hii haianzi uwanjani. Inaanzia katika uamuzi wa wanawake zaidi ya 200 ambao mnamo 2019 waliweka chini magongo yao na kusema hawatayainua tena katika ligi yoyote ya bara hilo hadi walipwe kama wafanyakazi wengine.

MCHEZO WENYEWE

Kwa msomaji aliyezoea mpira wa magongo unaochezwa kwenye nyasi au zulia la plastiki, hoki ya barafuni ni binamu yake mwenye kasi na ukali zaidi. Kila upande huwa na wachezaji sita kwa wakati mmoja, kipa akiwemo, nao huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma chini ya nyayo. Badala ya mpira, hugombea kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi.

Uwanja huwa na urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na huzungukwa na ukuta mfupi unaorudisha kisahani mchezoni. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Kwa kuwa mchezo huu huchosha upesi, wachezaji hupokezana kila baada ya muda usiofika dakika moja, bila kusubiri refa asimamishe mechi.

Mchezaji anayevunja sheria hutolewa nje kwa dakika mbili au zaidi, na timu yake hubaki pungufu. Hapa PWHL ilianzisha kanuni yake: timu iliyo pungufu ikifunga bao, adhabu hukoma papo hapo na aliyefungiwa nje hurejea.

Ushindi ndani ya dakika 60 huleta alama tatu. Ukipatikana katika muda wa ziada au kwa penalti, mshindi hupata alama mbili na mshindwa moja. Timu nne bora huingia mchujo, na inayoongoza jedwali hupewa haki ya kuchagua mpinzani wake wa nusu-fainali kati ya zilizomaliza nafasi ya tatu na ya nne. Haki hiyo, kama tutakavyoona, iliwatokea puani waliokuwa wa kwanza kuitumia.

MIAKA YA KUCHEZA BILA MALIPO

Hoki ya wanawake iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1998 mjini Nagano, Japan, ambapo Marekani iliilaza Kanada 3-1 katika fainali. Tangu hapo mataifa hayo mawili yametawala mchezo huu, lakini medali hazikuwawekea wachezaji wake chakula mezani.

Ligi ya Kanada iliyoanzishwa mwaka 2007, CWHL, ilikaa muongo mzima bila kuwalipa wachezaji mshahara. Ilipoanza kuwapa posho mwaka 2017, kiwango kilikuwa kati ya dola 2,000 na 10,000 za Kanada kwa msimu. Upande wa Marekani, ligi ya NWHL iliyoanza mwaka 2015 ndiyo iliyotangulia kulipa mishahara, lakini katika msimu wake wa pili ilipungukiwa na fedha na kukata malipo hayo, mengine kwa karibu nusu.

Wachezaji wengi walikuwa walimu, wauguzi, makocha wa watoto au makarani mchana, kisha jioni wakaenda mazoezini.

Dalili ya kwanza kwamba subira imefika mwisho ilionekana Machi 2017. Timu ya taifa ya Marekani ilitangaza kwamba ingesusia mashindano ya dunia, tena yaliyokuwa yakiandaliwa nchini mwao. Shirikisho lilitafuta wachezaji mbadala likakosa, kwa kuwa hata chipukizi walioombwa walikataa kuwasaliti dada zao. Makubaliano yalipatikana siku chache kabla ya mashindano kuanza, timu ikaingia uwanjani na kutwaa ubingwa.

Miaka miwili baadaye, CWHL ilitangaza kwamba ingefunga shughuli zake kuanzia Mei 1, 2019. Siku iliyofuata tarehe hiyo, wachezaji zaidi ya 200 walitoa taarifa ya pamoja kwamba hawangecheza katika ligi yoyote Amerika Kaskazini hadi ipatikane yenye mishahara ya kutosha na bima ya afya. Wakaunda chama chao, PWHPA, na kwa miaka minne wakawa wakizunguka mijini kucheza mechi za maonyesho.

Si wote waliounga mkono msimamo huo. Wapo waliobaki NWHL, ambayo mwaka 2021 ilibadilisha jina na kuwa PHF, nayo ikaendelea kupandisha malipo mwaka baada ya mwaka. Mchezo ukagawanyika kambi mbili zisizokutana, na wadhamini wakakosa kujua waegemee upande upi.

MKATABA KABLA YA MECHI

Mgawanyiko huo ulimalizwa na fedha za tajiri mmoja. Mwishoni mwa Juni 2023, Mark Walter, mmiliki mkuu wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, pamoja na washirika wake, akiwemo gwiji wa tenisi Billie Jean King, walinunua PHF na kuifunga ili waanzishe ligi moja.

Jambo lililoitofautisha PWHL na ligi zilizotangulia ni mpangilio wa mambo. Kwa kawaida timu huundwa kwanza, mechi zikachezwa, kisha wachezaji wakaanza kudai haki zao. Safari hii mkataba wa pamoja kati ya wachezaji na wenye ligi ulipitishwa Julai 2023, kabla timu hata moja haijatangazwa. Ulipangiwa kudumu hadi Julai 2031.

Mkataba huo uliweka mshahara wa chini kuwa dola 35,000 za Marekani kwa msimu. Kila timu ilitakiwa kuwapa wachezaji wasiopungua sita mikataba ya miaka mitatu yenye malipo ya angalau dola 80,000 kwa mwaka, na wastani wa malipo katika timu uwe dola 55,000 katika msimu wa kwanza, ukipanda kwa asilimia tatu kila mwaka. Bima ya afya, msaada wa makazi na ulinzi kwa wachezaji wajawazito na wenye watoto pia vilijumuishwa.

Kwa kipimo cha wanaume wanaocheza ligi kuu ya NHL, ambao hulipwa mamilioni ya dola, hizo ni senti. Lakini mkono mtupu haulambwi, na kwa wanawake wengi huu ulikuwa mshahara wa kwanza uliowawezesha kuacha kazi ya pili.

Mpango huo haukuwa na washindi pekee. Mikataba ya PHF ilifutwa usiku mmoja, ikiwemo ya wachezaji waliokuwa wameahidiwa malipo makubwa zaidi kwa msimu uliokuwa ukija. Ligi mpya ilikuwa na timu sita pekee, kila moja ikiwa na nafasi 23, hivyo wengi walijikuta nje. Klabu zenye mashabiki wao nazo zilitoweka. Mojawapo ilikuwa Minnesota Whitecaps, iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo ilikuwa bingwa wa NWHL mwaka 2019. Minnesota iliyoingia PWHL haikuwa mrithi wake kisheria, ingawa ilirithi mashabiki na baadhi ya wachezaji.

KIKOSI CHA WENYEJI

Kwa Minnesota, hoki ni mchezo wa nyumbani kama zilivyo riadha kwa wenyeji wa Iten. Majira ya baridi maelfu ya maziwa huganda, na watoto hujifunza kuteleza wakiwa wadogo. Mwaka 1994 jimbo hilo likawa la kwanza Marekani kuutambua rasmi mchezo huu kwa wasichana wa shule za upili, na mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Minnesota kikafungua uwanja wa Ridder, uliojengwa mahususi kwa timu yake ya wanawake.

Matunda ya uwekezaji huo yalionekana timu ilipoundwa. Meneja mkuu wa kwanza, Natalie Darwitz, mzaliwa wa jimbo hilo na nahodha wa zamani wa Marekani, aliwasajili kwanza Kendall Coyne Schofield, Lee Stecklein na Kelly Pannek. Stecklein na Pannek ni wenyeji. Coyne Schofield, anayetoka jimbo la Illinois, ndiye mwanamke aliyeshiriki shindano la kasi la nyota wa NHL mwaka 2019 na kumaliza mzunguko kwa sekunde 14.346. Alikuwa pia katika kamati ya wachezaji iliyojadili mkataba wa pamoja. Alijifungua mtoto wa kiume mwaka 2023, na miezi michache baadaye akawa nahodha wa timu mpya.

Katika uteuzi wa wachezaji uliofanyika Toronto, Kanada, Septemba 18, 2023, bahati iliipa Minnesota nafasi ya kwanza. Ilimchukua Taylor Heise, mzaliwa wa Lake City aliyekuwa ametamba na Chuo Kikuu cha Minnesota. Grace Zumwinkle na Liz Schepers, wote wa jimbo hilo, walijiunga naye. Langoni walikuwepo Nicole Hensley na Maddie Rooney. Rooney ndiye aliyelinda lango la Marekani ilipoishinda Kanada kwa penalti katika fainali ya Olimpiki ya 2018.

MSIMU WA KWANZA

Timu iliingia msimu ikiwa na pengo. Kocha Charlie Burggraf aling'atuka siku chache kabla ya mechi ya kwanza, na nafasi yake ikachukuliwa na Ken Klee, beki wa zamani wa NHL aliyewahi kuiongoza timu ya wanawake ya Marekani kutwaa ubingwa wa dunia. Haikuwa na jina wala nembo pia. Ligi iliundwa kwa haraka mno hivi kwamba katika msimu huo kila timu ilivaa jezi iliyoandikwa jina la mahali inakotoka pekee.

Januari 3, 2024, Minnesota iliichapa Boston 3-2 ugenini. Siku tatu baadaye ilirejea Saint Paul kuikabili Montreal katika uwanja ambao wakati huo uliitwa Xcel Energy Center, na ambao mwaka 2025 ulipewa jina Grand Casino Arena. Mashabiki 13,316 walijitokeza, idadi ambayo haikuwa imewahi kushuhudiwa katika mechi ya kulipwa ya hoki ya wanawake. Zumwinkle alifunga mabao yote matatu katika ushindi wa 3-0. Rekodi hiyo ya mashabiki haikudumu, kwani Aprili 20 mwaka huo watu 21,105 walifurika uwanja wa Bell Centre mjini Montreal kutazama Montreal ikipambana na Toronto.

Kufikia wakati huo, Minnesota ilikuwa imeanza kuyumba. Ilipoteza mechi zake tano za mwisho kwa mfululizo, ikabaki kuombea wengine wateleze. Ottawa iliposhindwa na Toronto siku ya mwisho, Minnesota ikapenya kama timu ya nne.

Toronto, iliyoongoza jedwali, iliichagua Minnesota kuwa mpinzani wake, na nani angewalaumu? Ilishinda mechi mbili za kwanza 4-0 na 2-0, na ilihitaji ushindi mmoja tu katika mechi tatu zilizosalia. Mfungaji wake bora, Natalie Spooner, akaumia katika mechi ya tatu, ambayo Minnesota ilishinda 2-0. Ya nne iliamuliwa na bao la Claire Butorac katika kipindi cha pili cha muda wa ziada. Ya tano, jijini Toronto, ikaisha 4-1. Waliochaguliwa kwa kudhaniwa kuwa wanyonge wakaingia fainali.

Fainali dhidi ya Boston ilikuwa na kioja chake. Minnesota ikiongoza kwa mechi mbili dhidi ya moja, mbele ya mashabiki wake, beki Sophie Jaques alifunga katika kipindi cha pili cha muda wa ziada. Wachezaji walirusha glavu na kofia, wakakumbatiana wakidhani wametwaa kombe. Waamuzi walipoitazama video, walilifuta bao hilo kwa sababu kipa wa Boston alizuiwa. Glavu zikaokotwa, mchezo ukaendelea, na baada ya dakika moja hivi Alina Müller akaifungia Boston bao la ushindi.

Timu nyingi zingevunjika moyo. Mnamo Mei 29, 2024 Minnesota ilisafiri hadi Lowell, Massachusetts, ikashinda mechi ya tano 3-0. Schepers alifungua ukurasa wa mabao, Michela Cava akaongeza la pili, na Coyne Schofield akafunga la mwisho katika lango lililoachwa wazi. Hensley hakuruhusu kisahani kupita. Heise alituzwa kuwa mchezaji bora wa mchujo.

JINA NA TAJI LA PILI

Furaha hiyo ilichanganyika na mshangao. Mnamo Juni 2024, majuma machache tu baada ya ubingwa, Darwitz aliondoka katika wadhifa wake kufuatia tathmini iliyofanywa na ligi, huku Klee akibakishwa. Uamuzi huo uliwaudhi mashabiki wengi, kwa kuwa ndiye aliyeijenga timu, na kwa kuwa katika PWHL timu zote zilimilikiwa na mtu mmoja, hapakuwa na mmiliki wa nyumbani wa kuulizwa maswali. Nafasi yake ilichukuliwa na Melissa Caruso.

Septemba 2024 ligi ilitangaza majina ya timu zote, na Minnesota ikawa Frost, maana yake jalidi, ule umande unaoganda juu ya nyasi na vioo vya madirisha asubuhi za baridi kali.

Msimu wa pili, uliorefushwa kutoka mechi 24 hadi 30, ulifuata njia ile ile. Frost ilihitaji ushindi siku ya mwisho, Mei 3, 2025, na ikaupata kwa kishindo kwa kuibamiza Boston 8-1 na kuiacha nje ya mchujo. Katika nusu-fainali ilipoteza mechi ya kwanza kwa Toronto, kisha ikashinda tatu mfululizo, ya mwisho kwa bao la Heise katika muda wa ziada.

Fainali dhidi ya Ottawa ilikuwa ya aina yake. Mechi zote nne ziliisha 2-1, na zote ziliamuliwa katika muda wa ziada. Ottawa ilishinda ya kwanza. Frost ikashinda zilizosalia. Mnamo Mei 26, 2025, aliyefunga bao la ubingwa mbele ya mashabiki wa nyumbani alikuwa Schepers, yule yule aliyefungua lango la Boston mwaka uliotangulia. Yeye si mmoja wa nyota ambao picha zao hubandikwa kwenye mabango.

GHARAMA YA KUKUA

Mafanikio ya ligi yaligeuka kuwa mtihani kwa mabingwa wake. Katika msimu wa kwanza mechi za kawaida zilihudhuriwa na zaidi ya watu 390,000, na kabla ya msimu wa pili kumalizika jumla ya mashabiki ilikuwa imepita milioni moja. Kutokana na hamu hiyo, ligi iliongeza timu mbili za pwani ya magharibi, Seattle na Vancouver, zilizoanza kucheza msimu wa 2025-26.

Ili timu hizo zipate wachezaji, kila moja ya zile sita za mwanzo ilipoteza wanne. Miongoni mwa walioihama Frost ni Jaques na Claire Thompson, mabeki wawili waliokuwa uti wa mgongo wa mashambulizi yake, ambao wote walitua Vancouver. Nyumba iliyojengwa kwa misimu miwili ikabomolewa upande mmoja ili jirani naye apate matofali.

Hata hivyo, kuna namna nyingine ya kulitazama jambo hilo. Mnamo 2023 nafasi za kazi katika ligi hii zilikuwa 138. Timu nane zilimaanisha nafasi 184. Kila mchezaji aliyeondoka Minnesota alimfungulia mwingine mlango.

HABARI HIZI NA SISI

Kwa msomaji wa Kenya, barafu huenda ikaonekana jambo la mbali. Hata hivyo, tangu mwaka 2005 Nairobi imekuwa na uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, ambako timu ya Kenya Ice Lions ilizaliwa. Mwaka 2024, ule ule ambao PWHL ilianza, Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshirika wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni.

Lakini linalotuhusu zaidi si barafu. Ni lile swali ambalo kila mwanaspoti wa kike hujiuliza anapofunga mkoba wake baada ya mazoezi: je, kazi hii itanilisha? Wanawake waliojenga ligi hii walilijibu kwa kususia ligi za mchezo wanaoupenda kwa miaka minne, katika umri ambao mchezaji hana miaka ya kupoteza. Baadhi yao walistaafu kabla ligi haijaanza na hawakuonja mshahara walioupigania.

Majina yao hayamo kwenye kombe ambalo Coyne Schofield aliliinua mara mbili. Yamo katika ile taarifa ya Mei 2019, na ndiyo sababu mchezaji wa akiba wa Frost, asiyejulikana na mtu nje ya Saint Paul, huingia msimu akiwa na mkataba mkononi.